Pole Si Samahani



Wapendwa waamini, nanyi nyote mnaosoma tafakari hizi za kila juma, tumo katika Kwaresima, kipindi ambacho foleni ya kitubio hurefuka na majirani walionuniana hutafutana kabla ya Pasaka. Kwa sababu hiyo nimeona vema juma hili tutafakari neno moja dogo la Kiingereza ambalo limekwisha kuingia katika vinywa vyetu sote, tangu watoto wa shule za msingi hapa Itumba hadi madereva wa malori kule Tunduma. Neno lenyewe ni "sorry", au kama tunavyolitamka sisi, "sori". Mtu akikukanyaga ndani ya gari, ni sori. Akichelewa ibada ya Jumuiya, ni sori. Akisikia umefiwa, ni sori. Mume akimdhalilisha mkewe jioni mbele ya watoto, asubuhi humtumia ujumbe wa simu wenye herufi nne tu, naye huenda kazini akiamini kwamba jambo limekwisha.

Je, anayetamka neno hilo huwa anasema nini?

Tuanze na Waingereza wenyewe. Wengi hudhani kwamba "sorry" limetokana na "sorrow", yaani huzuni. Sivyo. Asili yake katika Kiingereza cha kale ni neno lililomaanisha mtu mwenye maumivu, na ndugu yake wa damu ni "sore", lile linalotaja kidonda au mahali panapouma. Kwa hiyo mtu wa kwanza kulitamka alisema tu, "Ninaumia." Hakusema nani amemwumiza nani. Hapo ndipo utata unapoanza, kwa maana naweza kuumia kwa sababu wewe umeumia, na naweza pia kuumia kwa sababu mimi ndiye niliyekuumiza. Mambo hayo mawili yako mbali sana, lakini Mwingereza huyaweka katika kikapu kimoja. Tena huongeza mengine: hulitumia anapotaka urudie ulichosema, na hulitumia anapotaja kitu kilicho duni au hali ya kusikitisha.

Kiswahili chetu hakikubali kikapu hicho kimoja. Aliyejikwaa hupewa pole. Aliyetoka shambani hupewa pole na kazi, msafiri pole na safari, mgonjwa pole na maradhi, mfiwa pole na msiba. Katika hayo yote anayetoa pole hana kosa lolote. Amekuja kusimama kando ya mwenzake. Wajuzi wa lugha za Kibantu huliweka neno hilo katika ukoo mmoja na kitenzi kupoa, na masikio yetu yanaujua undugu huo bila kufundishwa, ndiyo maana jibu la pole mara nyingi huwa, "Nimeshapoa." Pole ni maji ya baridi juu ya mahali palipoungua. Mgeni Mzungu akijikwaa mbele yetu, nasi tukamwambia "sorry" tukikusudia pole, hutushangaa na kusema kwamba si kosa letu. Masikioni mwake tumeungama, ilhali sisi tumemhurumia tu.

Nisieleweke kwamba tofauti hii ni ya Waafrika dhidi ya Wazungu. Vukeni Mto Songwe pale Isongole muingie Malawi, mtasikia neno la Kichewa "pepani", ambalo hufariji na kuomba msamaha kwa pamoja. Kila lugha hugawa mashamba yake kwa namna yake. Mimi nazungumzia ugawaji wa lugha ambayo sisi tunaisalia Misa, na ninaamini una hekima ambayo tunaipoteza kidogo kidogo.

Kwa mwenye kosa Kiswahili kimetenga maneno mengine. Kuna samahani, lililotoka katika Kiarabu, na ambalo katika asili yake lilikuwa ombi kamili: nisamehe. Siku hizi limechakaa kwa matumizi. Twalitamka tunapouliza njia au tunapotaka kupita kanisani katikati ya benchi, na sioni ubaya, kwani adabu ni adabu. Kuna kuomba radhi, ambalo magazeti hulipenda sana na ambalo kwa kweli ni zito kuliko waandishi wanavyodhani. Radhi ni hali ya moyo kuridhika. Anayesema "niwie radhi" haombi tu asiadhibiwe. Anaomba moyo wa mwenzake ugeuke na kumkubali tena. Ndiyo maana twasema mtoto ana radhi ya wazazi, au ameikosa. Radhi haichukuliwi kwa nguvu wala hainunuliwi; iko mikononi mwa yule uliyemkosea, naye anaweza kukunyima.

Kuna tena kutubu, na toba. Neno hili lilitujia kwa mkono wa Waarabu, na ndugu zetu Waislamu wanalitumia kama sisi. Maana yake ya asili ni kurudi. Manabii wa Agano la Kale, kwa Kiebrania chao, nao walitumia kitenzi cha kurudi. Walioandika Injili kwa Kigiriki walichagua neno la kugeuza akili na nia. Mwana mpotevu katika Luka 15 alitunga hotuba nzuri akiwa bado kwenye nguruwe, lakini hotuba isingemfaa kitu kama asingesimama na kutembea. Tena baba yake hakumngoja aimalize. Lile ombi la kufanywa kibarua, ambalo mwana alikuwa ameliandaa, halikupata nafasi ya kutamkwa.

Waingereza nao wana maneno mengine ya jamii hii, na mengine yana siri za kuchekesha. "Apology" ni neno la Kigiriki lililomaanisha utetezi mahakamani. Mtakatifu Yustino shahidi, katika karne ya 2, aliwaandikia watawala wa Roma maandiko yenye jina hilo ili kuwatetea Wakristo, na Mwenye heri, sasa Mtakatifu, John Henry Newman alilitumia mwaka 1864 katika kitabu cha kuyatetea maisha yake. Hakuna aliyekuwa akiomba msamaha. Nami husikia wengi wetu wakiomba msamaha kwa mtindo huo huo wa kale: "Samahani, lakini na wewe ulinichokoza." Kila kinachofuata baada ya "lakini" ni hati ya utetezi. "Remorse" katika Kilatini ni kuumwa tena, kama kwa meno. "Regret", katika Kifaransa cha kale, lilitumika kwa kumlilia aliyekufa. Naomba mlikumbuke hili la mwisho, maana tutalirudia. Na "contrition", neno la wanateolojia, latoka katika kitenzi cha Kilatini cha kusaga, kama nafaka inavyosagwa. Kila mama anayepeleka mahindi mashineni anaelewa picha hiyo: punje haibaki kama ilivyoingia.

Mababa wa Mtaguso wa Trento, katika kikao chao cha 14, tarehe 25 Novemba 1551, walieleza majuto ni nini. Walisema ni uchungu wa roho, na chukizo kwa dhambi iliyotendwa, pamoja na nia ya kutotenda dhambi tena. Mnaona kwamba uchungu ni sehemu ya kwanza tu. Neno "sorry" katika asili yake linaishia hapo hapo mlangoni. Tena Mtaguso ulifundisha kwamba mwenye kutubu ana matendo matatu: majuto moyoni, maungamo kinywani, malipizi mikononi. Moyo, kinywa, mikono. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafundisha vivyo hivyo, na wale waliofundishwa na makatekista wetu wa zamani wanayajua hayo kwa moyo.

Nataka kuonyesha kwamba jambo hili si la wanafunzi wa seminari peke yao, kwa maana hata mataifa yamekwama kwenye neno hilo hilo. Mwaka 2023, ndani ya siku mbili, wakuu wawili wa nchi zilizotutawala walisimama katika Afrika Mashariki mbele ya makosa ya wazee wao. Tarehe 31 Oktoba Mfalme Charles III wa Uingereza alihutubia karamu ya kitaifa jijini Nairobi. Alikiri kwamba Wakenya walitendewa ukatili usio na udhuru wakati wa mapambano ya uhuru, akataja huzuni yake kubwa na "regret" ya kina. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imemtaka aombe radhi waziwazi. Hakuomba. Sasa likumbukeni lile neno la kumlilia marehemu: mfalme alikuja msibani akatoa pole. Ilikuwa pole nzuri, lakini ilikuwa pole.

Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea. Mji huo naufahamu, kwa kuwa nilisoma teolojia Peramiho, na mafratera tulikuwa tukifika kwenye Makumbusho ya Majimaji, mahali lilipo kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Vita vile vya 1905 hadi 1907 viliteketeza watu wengi mno kwa risasi na zaidi kwa njaa iliyosababishwa makusudi. Makisio ya baadhi ya wanahistoria hufika watu 300,000. Misheni ya Peramiho nayo ilichomwa moto, na Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenzake, hivyo Kanisa pia lina makaburi yake katika habari hiyo. Steinmeier alikutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, akasema anaona aibu, na akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao. Aliahidi pia kwamba Ujerumani itasaidia kulitafuta fuvu la Songea, ambalo linaaminika kupelekwa huko.

Hapo ninaposoma habari hizi mbili kwa macho ya Trento, naona jambo la ajabu. Uingereza, mwezi Juni 2013, ilikuwa imewalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9 kwa mateso waliyopata wakati wa Mau Mau. Ilikubali kwamba waliteswa, ikasema inasikitika, lakini ikaendelea kukana dhima ya kisheria. Huyo ametoa malipizi, akayazuia maungamo njiani. Ujerumani imeungama Songea, lakini haikuja na fidia mkononi. Mmoja ana mikono bila kinywa, mwingine ana kinywa na mikono bado inangojewa. Nawaelewa wanasheria. Wanaogopa kwamba neno la kuungama litatumika mahakamani, na woga huo upo kila mahali hata baadhi ya nchi na majimbo yametunga sheria za kumlinda anayeomba radhi. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilianza mwaka 1986, na British Columbia nchini Kanada ikafuata mwaka 2006. Lakini mwenye kidonda hangoji wakili. Anangoja kusikia ni nani.

Na sisi Kanisa tusijifiche nyuma ya wafalme. Maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha kwa barua iliyosomwa makanisani tarehe 20 Novemba 2016, siku ya kufunga Mwaka wa Huruma ya Mungu, kwa ajili ya Wakristo walioshiriki mauaji ya kimbari ya 1994. Wapo waliosema barua ile haikutosha, kwa kuwa ilisema Kanisa kama taasisi halikumtuma mtu. Miezi minne baadaye, tarehe 20 Machi 2017, Papa Fransisko alipompokea Rais Paul Kagame mjini Vatikano, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na ya watoto wake, akiwataja mapadre na watawa miongoni mwao. Kuwataja kule ndiko kulikogharimu. Mimi ni padre, na sentensi ile iliniuma kama ilivyopaswa kuuma.

Msinielewe vibaya, kana kwamba wokovu uko katika msamiati. Ndugu zetu Wachagga wana jani la isale. Mwenye kosa hulichukua na kumpelekea aliyemkosea, na mila inamfanya huyo wa pili aone vigumu mno kulikataa. Panapokosekana maneno, jani linatosha. Mwenzangu mmoja wa Kilimanjaro aliwahi kuniambia jambo lililonikaa sana akilini: mmea huo huo wa masale ndio unaopandwa mipakani mwa vihamba. Mmea unaosema "hapa ndipo haki yako inapoanzia" ndio unaobebwa kwenda kuomba msamaha. Naye Zakayo katika Luka 19 hasemi samahani hata mara moja. Anasimama na kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Kwa upande mwingine Yuda katika Mathayo 27 alijuta, akasema amekosa, hata fedha akazirudisha. Ila alizirudisha kwa makuhani wakuu, ambao hawakujali. Kwa yule aliyemsaliti hakurudi.

Haya yote nimeyaandika kwa sababu ya shauri moja lililoletwa kwangu, nje ya kitubio, na wahusika wameniruhusu nilieleze bila kuwataja wala kutaja kigango chao. Mjane mmoja alikuwa na shamba la kahawa aliloachiwa na marehemu mumewe. Shamba linalopakana nalo ni la shemeji yake. Miaka ilipita, na mpaka ukatembea. Shemeji akapanda mibuni yake upande usio wake, na mjane akaacha kumsalimu, hata wakati wa kutakiana amani kanisani. Wakati wa novena fulani yule bwana aliguswa, akaenda nyumbani kwa mjane, akarudi akiwa amefurahi. Lakini Dominika iliyofuata mjane hakumpa mkono.

Akaja kwangu akiwa amekasirika. "Baba Paroko, mimi nimekwisha kuomba msamaha. Sasa mwenye dhambi ni yeye."

Nikamwuliza alitumia maneno gani. Akajibu, "Nilimwambia, pole sana shemeji kwa yote yaliyotokea."

Nilipozungumza na mjane, hakulia wala hakupaza sauti. Alisema, "Baba, ile pole niliipokea, nikasema asante, maana pole haikataliwi. Lakini pole hupewa mfiwa. Nilipofiwa na mume wangu alinipa pole, na ile ninaikumbuka kwa shukrani. Hili la shamba si msiba. Shamba halikufa, Baba. Lipo pale, naye yumo ndani yake."

Nimesoma vitabu kadhaa vya teolojia ya maadili, na sijaona mahali ambapo jambo hili limeelezwa kwa ufupi zaidi. Ni kweli, pole humweka mtu kando ya aliyeumia, kana kwamba wote wawili wanautazama moto ulioanguka kutoka mawinguni. Na angalieni kile kitenzi: "yaliyotokea". Kutokea hakuna mtenda. Ajali hutokea, ukame hutokea. Mpaka hautokei, mpaka husogezwa, na aliyeusogeza ana jina la ubatizo.

Nilimweleza hivyo yule bwana. Alinyamaza muda mrefu, akaaga, na kwa majuma matatu sikumwona. Kisha Mwenyekiti wa Jumuiya akaniita Jumamosi moja niende shambani, nikawakuta wazee wanne, mjane na wanawe, na shemeji akiwa amevua kofia. Alisema, "Shemeji, mpaka niliusogeza mimi. Nisamehe."

Mjane akamwuliza, "Hatua ngapi?"

Akajibu, "Kumi na moja."

Wote pale tulijua kwamba mama yule alikuwa na hesabu hiyo kichwani tangu zamani. Alitaka kuisikia kutoka kwa mwingine. Wazee wakahesabu hatua, alama za mpaka zikarudishwa mahali pake, na yule bwana akauliza ang'oe lini mibuni yake, kwani ilikuwa imeanza kuzaa. Mjane akaitazama, akagusa tawi moja, akasema, "Usiing'oe. Msimu huu vuna wewe, uliitunza. Ujao nitavuna mimi."